Chumba Juu ya Kisima

Fundi Saidi alizikwa Igogo mwezi uliopita, siku ya Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri. Nilisimama nyuma kabisa ya watu, kama mtu aliyepotea njia akakuta msiba. Tulipokwisha kurudi nyumbani na kukaa kwenye majamvi, binti yake mkubwa, Zuhura, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja kuniuliza nilimfahamu vipi baba yake. Nikamwambia tuliwahi kujenga pamoja Pasiansi, zamani. Akasema basi huenda naijua ile nyumba. Nikamuuliza nyumba ipi, ingawa nilikwisha kujua. Alisema baba yao aliacha ufundi angali kijana mwenye nguvu zake, akauza mkaa mpaka uzeeni, na kila walipomuuliza sababu aliwajibu kwamba kuna sakafu aliijenga vibaya Pasiansi, nusura imuue bibi wa watu. Zaidi ya hapo hakusema. Sahani ya pilau ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia Zuhura siikumbuki nyumba hiyo, kisha nikaendelea kula. Nina miaka sabini na mitatu, Saidi alikuwa ameshawekwa kaburini, na bado niliogopa.

Mwaka ule wa ujenzi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na jina langu halikutokea kwenye orodha ya wanaoendelea. Mwalimu Leokadia, aliyenifundisha shule ya msingi, alinikuta nikizurura sokoni akaniuliza kama najua kusoma ramani ya nyumba. Nilisema najua. Alikuwa mjane, Mhaya wa Kagera, mwanamke mrefu anayetembea kama anayechelewa kipindi. Alikuwa akifundisha ng'ambo, upande wa Sengerema. Alivuka kwa kivuko cha Kamanga kila Jumatatu asubuhi na kurudi Jumamosi mchana. Alikuwa anajenga Pasiansi nyumba ya vyumba vinne, na kimoja kilikuwa cha mama yake, mzee aliyebaki peke yake kijijini na macho yake yanafifia. Nyumba ilipaswa kwisha kabla Bibi hajapanda meli kuja. Mwalimu alinikabidhi ramani, chumba cha kulala kwenye banda la nyuma, na mafundi. Wa kwanza alikuwa Saidi, mtoto wa mjini, babu yake mmoja Mmanyema na mwingine hata yeye hakuwa na hakika, mtu mpole wa kofia ya kufuma ambaye alisalimia hata kuku. Wa pili alikuwa Masanja, Msukuma wa Magu, mchimbaji, mwenye mabega na mizaha.

Anayejenga Mwanza anajenga na mawe, apende asipende. Ukichimba hatua mbili unakuta jabali. Tulilichoma moto wa magogo kutwa nzima, kisha tukalimwagia maji ya baridi, nalo likapasuka kwa mlio unaoingia kifuani. Mapande yake tuliyarundika pembeni kwa ajili ya msingi. Saidi alinifundisha mapema kwamba jiwe lililochomwa hupangwa likiwa limebanwa na wenzake kila upande, halilazwi kamwe juu ya uwazi, maana moto umeliachia nyufa ndani ambazo jicho halizioni. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwenye kona ya nyuma, mahali pa chumba cha Bibi, kulikuwa na jabali kubwa kuliko yote, na niliona litatuchelewesha wiki mbili. Jioni moja wenzangu walipoondoka niling'oa vigingi vya kona ile nikavisogeza hatua tatu kuelekea bondeni. Sikumwambia Mwalimu. Sikumwambia hata Saidi, ambaye kesho yake alizitazama kamba, akaitazama ramani, akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo.

Pale nilipovisogeza, sururu ya Masanja iliingia ardhini kama kwenye ugali. Alifurahi. Alisema leo tumepewa mkate, na kwamba aliyevikita vigingi hapa apewe ubunge. Alichimba mpaka kiunoni akiimba, kisha akaomba mtaimbo wa Saidi ajaribu udongo chini. Aliuinua, akaupiga, na mtaimbo ukamponyoka mikononi ukaenda zake. Tulisikia chuma kikigonga mawe, kikagonga tena mbali zaidi, halafu maji. Masanja alitoka kwenye ule mtaro bila kushika popote. Sijui alitokaje. Tulipotoa udongo kwa uangalifu, tumelala kifudifudi kama wanaochungulia chunguni, tuliona mawe ya duara yaliyopangwa vizuri bila tope wala saruji, na katikati yake giza lenye ubaridi. Ulikuwa mdomo wa kisima. Ukingo wake mmoja uligusa mtaro wetu, sehemu kubwa ilikuwa ndani ya chumba. Mtu alikiziba zamani kwa magogo na udongo, magogo yakaoza.

Nakumbuka vizuri maneno ya Masanja, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema bila mzaha. "Kisima hakijifuniki. Kuna mtu alikifunika, na alikuwa na sababu. Kwetu unauliza kwanza." Saidi yeye hakuwa na habari na sababu za mtu. Alisema kazi isimame hadi Jumamosi, Mwalimu aje aone kwa macho yake. Ama turudishe kona kwenye ramani, ama kijazwe kuanzia chini, mawe, kokoto, udongo, na kushindiliwa kila hatua, kazi ya siku nyingi. Kisha aliondoka, maana siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa na alikuwa akivuka kwenda kumwoza mpwa wake, angerudi Jumatatu. Mimi nilibaki nimekaa juu ya rundo la mawe na kitu kimoja tu kichwani: Mwalimu akija kukiona kisima ataichukua ramani, na akiichukua ramani ataviona vigingi.

Basi Ijumaa asubuhi nilimbembeleza Masanja. Nilimwambia nimekwisha kuuliza kwa wazee wa mtaa, wamesema hakina neno. Sikuwa nimemuuliza mtu. Tulilichagua pande moja bapa, pana kama mlango, kutoka kwenye rundo la mawe ya moto, tukaliburuta kwa magogo hadi tukalilaza juu ya mdomo wa kisima. Lilikaa vizuri ajabu. Tukalifukia kwa udongo, tukaukanyaga, na lile rundo la mapande tulilimwaga kwenye mitaro mingine ili Saidi akirudi adhani yote yameingia kisimani. Mwalimu alipokuja Jumamosi alikuta ardhi tambarare na kijana wake akifagia. Jumatatu Saidi aliniuliza Mwalimu amesemaje. Nikajibu amesema tujaze, na kwa vibarua wa mtaani tumejaza mpaka juu. Alisimama pale katikati, akapiga mguu chini mara mbili, tatu. Akanitazama kidogo. "Basi," alisema, akachukua mwiko wake. Masanja hakurudi wiki iliyofuata. Alituma ujumbe kwamba kwao pamba inamngoja.

Nyumba ilikwisha, Bibi akafika na meli kutoka Bukoba, na sakafu mpya ya saruji ikapakwa rangi nyekundu. Hapo ndipo mwaka wangu ulipoanza hasa. Bibi alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, mwenye maneno mengi na fimbo ya mkahawa, na hakuwa mtu wa kula peke yake. Mwalimu akiwa ng'ambo, alinitaka mimi nile naye, chumbani mwake, juu ya mkeka. Alipika ndizi zikiwa zimefunikwa kwa majani, na samaki, na siku nyingine maharage tu, na alinipakulia kama anayelisha mtu aliyetoka kifungoni. Fimbo yake ilipogonga sakafu ilitoa mlio mkavu, ko, ko, ko, na alipofika karibu na dirisha mlio ulibadilika ukawa mzito, kama kugonga mtungi. Mara ya kwanza kuusikia nilirudisha tonge sahanini. Yeye alisimama, akagonga tena, akasema hapa chini pana ubaridi mzuri. Wiki hiyohiyo aliwaita vijana wa jirani wakamhamishia kitanda pale.

Nilijaribu kumwondoa. Nilimwambia mahali pale pana unyevu, atapata baridi yabisi. Akasema baridi yabisi anayo tangu siku alipoolewa, ila joto la Mwanza ndilo litakalomuua. Nilimwambia dirisha linaingiza mbu. Akacheka, akasema mbu wa Pasiansi wana adabu kuliko wa kwao. Nilimwambia rangi ya pale haijakauka. "Faustini, waitu," alisema, neno la kwao la kumwita mtu kwa upendo, "mbona unakichukia kitanda changu?" Nikainamia sahani. Nilikuwa nimejizoesha kukaa mgongo ukiwa umegusa ukuta, penye msingi, miguu nimeikunja chini yangu, na kila Bibi aliponyanyuka kuchukua chumvi nilishika mkeka kwa vidole. Mtu anaweza kuizoea hofu ya simba au ya nyoka. Hofu ya kitu ulichokifanya mwenyewe hukaa nawe mezani, inajua unakula nini. Nilikonda mwaka ule, na Bibi akazidi kunipakulia.

Siku iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa Ijumaa moja ya Kwaresima. Bibi hakuweza kupanda mlima kwenda kanisani kufanya njia ya msalaba, basi akina mama wa jirani waliamua kumfuata. Walikuja kumi na wawili, wengine wanene, na viatu wakaviacha mlangoni. Nilikuwa nimepanga viti nje, nikasema nje kuna hewa. Bibi akasema Bwana hakuteswa kivulini penye upepo, ingieni. Kila kituo walipiga magoti wote kwa pamoja, wakasali, wakasimama wote kwa pamoja. Vituo ni kumi na vinne. Nilisimama mlangoni nikiangalia magoti yale yakishuka, na kila yaliposhuka nilisikia, au nilidhani nimesikia, kitu kikijibu chini. Kwenye kituo cha tisa, Yesu anapoanguka mara ya tatu, niliona ufa mwembamba kama uzi umetoka chini ya kitanda umefika kwenye mkeka. Mama mmoja aliponiona nafuta uso alinipisha nipige goti karibu naye. Nilitikisa kichwa. Baadaye walimwambia Bibi kijana wake ana uchaji kweli, alikuwa akilia.

Jumamosi iliyofuata nilikata shauri. Nilikwenda gatini kumpokea Mwalimu anaposhuka kwenye kivuko, nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno, la vigingi kwanza, halafu la jiwe. Alishuka na kapu la viazi, akanipa nibebe, na kabla sijafungua kinywa akasema amezungumza na watu fulani, nafasi yangu kwenye chuo cha ualimu ipo, nitaingia mwakani. Alisema amewaambia kijana huyu amenijengea nyumba, nami simwamini mtu kama ninavyomwamini yeye. Tulipanda mlima wote wawili, yeye akieleza habari za chuo, mimi nikilihamisha kapu kutoka mkono huu kwenda huu. Nilisema asante. Ndilo neno pekee nililolitoa mpaka tukafika nyumbani.

Masika yalikuja kwa nguvu. Ilinyesha siku tatu mfululizo na ufa ukapanuka, ukaweza kuingiza kidole. Nilimtafuta Saidi nikamwambia plasta ya sakafu imepasuka kidogo, aje azibe. Akasema atapita mchana. Bibi alikula, akajilaza. Mimi nilikuwa uani natwanga karanga alizoniagiza niliposikia mlio kama mtu anayevunja muwa kwa goti. Nilikimbia mpaka mlangoni, nikasimama. Sakafu chini ya kitanda ilikuwa imebonyea kama sahani, na vijiwe vilikuwa vinateleza ndani ya ule ufa, kimoja kimoja, na kila kimoja baada ya muda kilitoa sauti ya kuingia majini. Bibi alikuwa ameketi kitandani, anapapasa fimbo yake.

"Faustini, kitanda kimeinama. Njoo unishike mkono."

Zilikuwa hatua nne. Nilimwambia ashuke taratibu, apite ukutani. Akasema mguu umekufa ganzi, nije. Aliunyoosha mkono kuelekea sauti yangu, maana macho yake hayakunifikia, akaungoja wangu. "Njoo, mwanangu." Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Nataka niandike hapa bila kuficha kwamba sikushindwa kwa sababu ya kuchelewa au kushtuka. Nilikuwa na muda wa kutosha, nilipima, nikaona kisima, nikabaki mlangoni. Sijui ningesimama pale mpaka lini. Saidi aliingia uani na ndoo yake ya saruji, akauona uso wangu kwanza, kisha sakafu. Alinisukuma kando kwa bega. Alivua viatu. Alipita akiwa ameelekea ukutani, kifua kikigusa plasta, miguu yake juu ya msingi tu, na alipomfikia Bibi alifanya jambo ambalo sijalisahau. Alimwamkia.

"Shikamoo, Bibi. Nipe mkono huu. Usishukie upande huo."

"Marahaba, baba. Wewe nani?"

"Saidi, fundi. Nikumbatie shingoni."

Alimbeba mgongoni akarudi vilevile, polepole, akimuuliza habari za Bukoba. Walikuwa wamefika kizingitini kitanda kilipoondoka. Kilianza kwa miguu, kikasimama wima kama kinachotaka kusema neno, kikashuka chote na godoro lake. Maji yalisikika baadaye. Saidi alimweka Bibi kwenye kiti uani, akarudi kutazama shimo. Lile jiwe lilikuwa limekatika katikati, nusu bado imening'inia kwenye ukingo, na chini yake hapakuwa na hata kokoto moja. Alinigeukia. Alitazama tu jiwe, akanitazama mimi, kisha akaenda kumletea Bibi maji ya kunywa.

Bibi alilala kwa jirani. Kesho yake nilimpelekea uji, nikakaa kwenye kigoda mbele yake nikieleza jinsi nilivyoogopa, jinsi mambo yalivyotokea ghafla. Kikombe alikuwa amekishika tu, hakunywa. "Mtu asiyejua kitu angeingia," alisema. "Angekimbilia, tukaanguka wote. Wewe ulisimama kwa sababu ulijua kilichopo chini." Akasema Leokadia anakuja keshokutwa, na kwamba yeye hatamwambia, nimwambie mwenyewe.

Jumamosi majirani walikuwa wamejaa uani. Mwalimu alichungulia shimoni akishikwa na watu wawili, akatoka midomo imekuwa myeupe. Aliuliza nani alijenga juu ya kisima. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwangu. Saidi alisimama karibu na ndoo yake, na yeye pia aliningoja. Alinipa nafasi ndefu, ndefu kuliko ile aliyonipa Bibi mlangoni. Nikasema, "Mambo ya msingi yalikuwa kwa fundi, Mwalimu. Mimi sikuwa nayajua." Watu waliguna. Mmoja akasema mafundi wa siku hizi hulipua kazi. Saidi aliinamisha kichwa kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, nilikagua kwa mguu. Ilinipasa nikague kwa mtaimbo. Nisamehe." Hakusema kwamba mtaimbo wake ulikuwa chini ya kisima kile. Hakunitaja. Alichukua ndoo akaondoka, na Pasiansi hapakuwa na mtu tena aliyempa kazi. Bibi alirudi Kagera kwa meli ya wiki ile, hakutaka kusindikizwa. Mimi nilikwenda chuoni, nikafundisha miaka thelathini na mitatu, nikastaafu kwa sherehe.

Baada ya kile chakula cha msibani sikupata usingizi mzuri. Siku ya nne nilirudi Igogo nikamweleza Zuhura yote, kuanzia vigingi. Alikuwa akichambua mchele na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama mwenye nyumba yuko hai. Nikasema yuko hai. Akasema basi nianze na yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hana neno jema juu ya baba yao. Nilikwenda Pasiansi siku hiyohiyo. Mwalimu Leokadia anakaribia miaka tisini, anaishi na mjukuu wake katika nyumba ileile. Chumba kile sasa ni stoo, kisima kilijazwa inavyopasa. Alinisikiliza ameshika mkono wangu. Mwishoni alisema, "Maskini Saidi," akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia niliogopa. Nilihisi kitu kimenitoka mabegani. Kisha mjukuu akaleta chai, na Mwalimu akamwambia kwa furaha kwamba huyu ndiye Faustini, aliyesimamia nyumba hii. Fundi alikuwa mzembe, nusura amuue mama, lakini Faustini alikuwa kijana mwaminifu.

Nilimweleza upya. Alishtuka upya, akasema maskini Saidi, na chai ilipopoa alikuwa amesahau. Mjukuu alinisindikiza mpaka barabarani akaniomba nisijisumbue, bibi yake sasa anashika mambo ya zamani tu, ya leo hayakai. Nilimwambia Zuhura. Akasema, "Basi mwambie tena." Kwa hiyo huwa naenda, kila Jumamosi, na kila Jumamosi anafurahi kuniona na kunisifu, nami naanza na vigingi. Wiki iliyopita nilipokuwa nasimama kuaga aliniuliza, akikunja kipaji kama anayemtafuta mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio, yule fundi mzembe aliitwa nani.

"Saidi," nikamwambia. "Na hakuwa mzembe." Nikaketi tena.